Jino la Mtoto Likitoka kwa Kuanguka, Usilirushe Juu ya Paa

Kwenye ukurasa wa afya mwezi huu tunazungumzia meno ya watoto wetu. Tunaanza kwa kusema kosa letu wenyewe, maana tusingelifanya tusingeandika habari hii.

Miaka miwili iliyopita, jioni moja ya likizo, sisi tunaotengeneza kijarida hiki tulikuwa uwanjani tukiangalia watoto wakicheza mpira. Goli lenyewe ni miti miwili iliyochimbiwa chini, mnayajua magoli yetu. Golikipa alikuwa kijana wa miaka 9. Akaruka kudaka, mpira ukapita, yeye akaukuta mti kwa mdomo. Damu ikajaa kwenye fulana, watoto wakapiga kelele, na sisi wakubwa tukakimbia. Jino moja la mbele la juu lilikuwa limetoka zima na mzizi wake, limelala kwenye vumbi.

Sasa angalieni tulichofanya. Mmoja wetu aliliokota kwa kulishika kwenye mzizi. Tukaenda nalo bombani, tukaomba sabuni ya unga kwa mama mmoja aliyekuwa anafua, tukalisugua mpaka likang'aa. Tukalikunja kwenye karatasi ya daftari, likaingia mfukoni mwa shati. Tulijiona watu wa maana kweli. Kijana tukampeleka kwa bibi yake, damu ikakatika, akapewa uji, akalala.

Asubuhi bibi akampeleka hospitali ya kambi, na sisi tukafuatana naye. Tabibu wa meno alimwangalia mdomoni, halafu swali lake la kwanza likawa: jino liko wapi? Tukatazamana. Shati lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyumbani, na jino limo mfukoni toka jana saa kumi jioni.

Mwenzetu alilikimbilia na likaja. Tabibu akalirudisha mahali pake na kulifunga kwa waya mwembamba pamoja na meno ya jirani, lakini alitueleza bila kutuficha kwamba tumemletea jino lililokwisha kufa. Kama tungelirudisha palepale uwanjani, au hata kama tungelitia kwenye kikombe cha kitu kinachofaa na kukimbia naye hospitali, lingekuwa na nafasi nzuri ya kushika na kuishi. Leo kijana ana miaka 11. Meno mengine yameendelea kushuka kadiri anavyokua, na lile moja limebaki juu, linaonekana fupi na rangi yake imekuwa ya kijivu. Akicheka anafunika mdomo kwa mkono. Iko siku litatoka kabisa.

JINO LILILOTOKA LINA UHAI

Wengi wetu tumekua tukijua kwamba jino likitoka, basi. Unalirusha juu ya paa, unaomba jingine, unaendelea kucheza. Kwa jino la utoto lililolegea lenyewe hakuna ubaya, rusheni tu. Lakini jino la kudumu lililotolewa kwa nguvu ni jambo jingine kabisa, na hapa ndipo watu wengi, hata waliosoma, wanapotea.

Mzizi wa jino haukugandana na mfupa wa taya. Katikati yake kuna utando mwembamba sana, mfano wa ule unaouona ndani ya ganda la yai. Utando ule ndio unaolishika jino. Jino likichomoka, utando unachanika: sehemu inabaki kwenye tundu la ufizi na sehemu inatoka imeng'ang'ania mzizi. Ile iliyo kwenye mzizi bado iko hai. Ukilirudisha jino mapema, pande mbili zinashikana tena kama kidonda kinavyofunga.

Adui wa utando ule ni ukavu. Jino likikaa kwenye hewa dakika 15 za kwanza, chembe nyingi bado zinapumua. Kila dakika inayozidi zinapungua, na jino likikaa kavu saa nzima, za kutegemea hazipo tena. Adui wa pili ni mkono wa mtu: kusugua, kukwangua, sabuni, spiriti. Kwa hiyo sisi tulipoliosha likang'aa vile, tulikuwa tunaondoa kile kilichotakiwa kuokolewa. Usiku mzima mfukoni ulimalizia kazi.

Jino lililokufa likirudishwa, mfupa unaligandia moja kwa moja kama saruji, halafu mwaka kwa mwaka unaula mzizi. Kwa mtu mzima linaweza kukaa muda mrefu. Kwa mtoto ambaye taya bado linakua, linabaki nyuma wakati mengine yanakwenda, kama tulivyowaeleza.

KWANZA ANGALIA MTOTO

Kabla ya jino kuna mtoto mwenyewe. Pigo linaloweza kung'oa jino linaweza pia kuumiza kichwa. Kama alizimia hata kidogo, kama anatapika mara kwa mara, anasinzia ovyo, hajui alipo, au maji meupe yanatoka puani au masikioni, achana na habari za meno na umkimbize hospitali. Vilevile kama hawezi kufunga mdomo au meno ya juu na ya chini hayakutani kama zamani, taya linaweza kuwa limevunjika.

Hesabu meno pia. Kama jino halionekani chini wala kwenye nguo, na mtoto anakohoa au anapumua kwa mlio, huenda amelivuta likaingia kwenye njia ya hewa. Hilo ni la hospitali saa hiyohiyo. Wakati mwingine utakuta halikutoka kabisa, limesukumwa juu ndani ya ufizi. Na wakati mwingine kipande chake kimejificha ndani ya mdomo uliovimba.

Damu ya mdomoni inatisha kuliko ilivyo, kwa sababu inachanganyika na mate. Nawa mikono, na ukiwa na glavu zivae, maana damu ni damu. Mkalishe mtoto akiwa ameinama mbele kidogo ili asimeze damu, chukua kitambaa safi, kikandamize mahali panapotoka damu kwa dakika 10 kamili. Usichungulie kila dakika kuona kama imekatika, hapo unaifungulia tena. Kitambaa cha maji baridi kwa nje ya mdomo kinapunguza uvimbe. Ikipita robo saa ya kukandamiza vizuri na damu bado inamwagika, nenda.

NI JINO LA UTOTO AU LA KUDUMU?

Hili ni lazima ulijue kabla ya kufanya lolote, kwa sababu jino la utoto HALIRUDISHWI. Chini yake, ndani ya ufizi, kuna jino la kudumu linalotengenezwa. Ukisukuma lile la utoto kwa nguvu utaumiza linalokuja, litoke na kasoro au lisitoke vizuri.

Umri ndio unaosaidia zaidi. Meno ya utoto ni 20, yanaanza kama miezi 6 na yanakamilika karibu na miaka 3. Kuanzia miaka 6 hivi meno ya mbele yanaanza kubadilishwa: ya chini yanatangulia, na yale mawili makubwa ya juu mara nyingi yanatoka kati ya miaka 7 na 8. Kwa hiyo mtoto wa miaka 4 aliyeangusha jino la mbele, hilo ni la utoto. Mtoto wa miaka 9 au 10, hilo la mbele ni la kudumu. Kwenye miaka 6 mpaka 8 ndiko kwenye utata. Hapo tazama: la kudumu ni kubwa zaidi, lina unjano kidogo ukililinganisha na ya utoto ambayo ni madogo na meupe kama maziwa, na likiwa jipya ukingo wake una vijinundu vitatu kama msumeno mdogo.

Hapa kambini shida ni kwamba watoto wengine umri wao wenyewe haujulikani sawasawa. Karatasi zilipotea njiani, mama anakumbuka tu kwamba alizaliwa wakati wa mvua kabla ya kukimbia. Ikiwa huna uhakika, usilirudishe. Litie kwenye kikombe kama tutakavyoeleza na uende nalo hospitali, wao watajua.

NAMNA YA KULIRUDISHA

Sasa tuseme ni la kudumu, mtoto ana akili zake na kichwa hakikuumia. Mtu mzima yeyote anaweza kufanya kazi hii. Mwalimu anaweza, dada mkubwa anaweza. Inaogopesha, tunajua, lakini inachukua muda mfupi kuliko kuieleza.

Liokote kwa kulishika upande mweupe, ule unaoonekana mtu akicheka. Mzizi usiguswe kabisa. Kama ni safi, lirudishe hivyohivyo. Kama lina vumbi, lisuuze harakaharaka kwa maziwa, au kwa maji safi yanayotiririka yasiyozidi sekunde 10, bila kusugua wala kupangusa kwa kitambaa. Mtoto naye asukutue kidogo ili kutoa damu iliyoganda.

Halafu geuza jino upande wake. Jino la mbele lina uso wa nje uliotuna kidogo na uso wa nyuma ulioingia ndani kama kijiko; linganisha na la jirani. Ingiza mzizi kwenye tundu lake taratibu na sukuma kwa kidole gumba mpaka lilingane na mengine. Mtoto atasikia maumivu, lakini mara nyingi si makali kama unavyofikiri, kwa sababu muda mfupi baada ya pigo pale mahali panakuwa kama pamekufa ganzi. Likikataa kuingia usilazimishe, huenda tundu limevunjika au damu imeganda humo. Likiingia, mwambie aume kitambaa safi kilichokunjwa, alishikilie hivyo, na muende hospitali sasa. Isiwe kesho wala baada ya mgao wa chakula.

Kuna watoto ambao si vizuri kujaribu nyumbani: aliyezimia au anayesinzia, anayepigana na wewe kwa hofu, mwenye taya lililovunjika, na yule mwenye ugonjwa mzito unaopunguza nguvu za mwili. Kwa hao tumia kikombe.

KIKOMBE: ORS, MAZIWA AU MATE

Hapa ndipo tulipofurahi sana tulipojifunza. Tulikuwa tumesikia kwamba jino linawekwa kwenye maziwa, na tukacheka. Maziwa! Nani hapa kambini ana maziwa ya ng'ombe nyumbani saa kumi jioni? Kumbe kuna kitu ambacho nyumba nyingi zenye watoto wadogo zinacho, au jirani anacho: ORS, ile ile tunayowapa watoto wakiharisha.

Mwaka 2020 miongozo ya kimataifa ya huduma ya kwanza iliiweka ORS kati ya vitu vizuri vya kuhifadhia jino lililotoka. Sababu ni rahisi kuelewa. Maji ya kawaida hayana chumvi kama ya mwilini, kwa hiyo chembe za ule utando zinayanywa, zinavimba na kupasuka. ORS imepimwa chumvi na sukari yake ili ifae mwilini. Korogea pakiti kwenye maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu yake, mimina kidogo kwenye kikombe safi, jino lizame lote, funika, nenda. Usikisie chumvi na sukari za jikoni kwa macho, maana zikizidi nazo zinaua.

Kama ORS haipo na maziwa ya ng'ombe yapo, tumia maziwa, ya baridi ni bora. Yasiwe ya mgando, yale yana uchachu. Kama vyote havipo, mtoto ateme mate kwenye kikombe mpaka yafunike jino. Ni mate yake mwenyewe, si ya mama wala ya mwalimu. Haipendezi kuangalia, lakini inasaidia. Wapo wanaomwambia mtoto alifiche jino ndani ya shavu. Kwa mtoto mkubwa aliyetulia inawezekana, kwa mdogo atalimeza. Maji matupu ni ya mwisho kabisa, ukikosa yote, kwa sababu yanashinda kuliacha likauke. Karatasi, kitenge, pamba, mfuko wa shati: hapana.

Kikombe hakiongezi muda bila mwisho. Kinakununulia nafasi ya kufika hospitali, na kila nusu saa ina thamani yake. Lakini hata ukichelewa, hata ikipita siku nzima kama sisi, usilitupe. Peleka. Jino lililokufa likirudishwa linaweza kushikilia nafasi na kulinda mfupa kwa miaka kadhaa mpaka mtoto akue.

LILILOVUNJIKA, LILILOLEGEA, LILILOZAMA

Mara nyingi zaidi jino halitoki lote. Likivunjika kipande, kitafute, kitie kwenye maji au maziwa na uende nacho, maana wakati mwingine kinaweza kubandikwa tena. Tazama mahali palipovunjika. Kama ni peupe tu, si la kukimbizana usiku, lakini mtoto aonwe kesho yake. Kama katikati kuna kidoa chekundu au panatoka damu, mshipa wa jino uko wazi. Hapo nenda siku hiyohiyo, na njiani mtoto afunge mdomo kwa sababu hewa inamchoma.

Likilegea, acheni kulitikisa kuona limelegea kiasi gani. Mtoto mwenyewe atakuwa analitikisa kwa ulimi, mkatazeni. Likiwa limesogea na kuziba asiweze kufunga mdomo, huo ni wa haraka.

Kwa watoto wa miaka 2 au 3 wanaojifunza kukimbia, jambo la kawaida ni jino la utoto kuzama juu kwenye ufizi. Mama anaona jino limepotea, anaanza kulivuta. Usilivute. Mengi ya haya yanashuka yenyewe ndani ya wiki kadhaa mpaka miezi 6. Mpeleke aonwe, halafu uwe na subira. Jino la utoto lililogongwa likigeuka kijivu baada ya wiki chache, nalo mara nyingi ni la kuangalia tu, ila kama kwenye ufizi juu yake patatokea kipele chenye usaha au uvimbe, rudi kwa tabibu.

VYA KUTOTIA MDOMONI

Tumekusanya tulivyoviona na kuvisikia vikitiwa kwenye ufizi wa mtoto aliyeumia: mafuta ya taa, majivu, ugoro, maji ya betri, aspirini iliyosagwa. Vyote vinaunguza. Aspirini hata ya kumeza mtoto asipewe, inazidisha kutoka damu na ina hatari nyingine kwa watoto. Paracetamol kwa kipimo cha uzito wake inatosha.

Na vile vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa kimojakimoja sokoni, ambavyo vingine ni tetrasaiklini, mtoto mdogo asivipate kwa ushauri wa jirani. Dawa ile inaingia kwenye meno yanayotengenezwa na kuyatia rangi ya hudhurungi isiyotoka maisha yote. Kama kuna haja ya dawa ya kuua vijidudu, atakayeamua ni tabibu. Atauliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda, hasa kama kidonda kiligusana na udongo, kwa hiyo nenda na kadi ya kliniki.

Kuna jeraha jingine la meno ambalo halitokani na mpira wala kuanguka, na hatuwezi kulipita kimya. Ni hii habari ya "meno ya plastiki". Mtoto mchanga anaharisha au ana homa, mtu anamfungua mdomo, anaona uvimbe mweupe kwenye ufizi, anasema hayo ndiyo yanayomuua, na anayachimbua kwa spoku ya baiskeli au kisu. Jamani, ule uvimbe ni jino la kawaida la mtoto linalojiandaa kutoka. Kuharisha kuna sababu yake nyingine na dawa yake ni ORS na kituo cha afya. Kuchimbua kunamwaga damu ya mtoto asiye na damu ya kumwaga, kunaingiza pepopunda, na kunaharibu jino la kudumu litakalokuja miaka mingi baadaye. Kama limekwisha kufanyika nyumbani kwako au kwa jirani, usifiche. Mpeleke mtoto leo na useme kilichofanyika.

Hilohilo tunalisema kwa meno yaliyotoka kwa kipigo. Yanatokea, tusidanganyane. Maisha ya hapa yanachosha, na mkono wa mtu mzima ni mzito kuliko anavyodhani. Mwambie tabibu ukweli, kwa sababu jino lililopigwa ngumi na lililogonga mti yanaweza kuwa na majeraha tofauti ndani, na kwa sababu mtoto huyo anahitaji kuangaliwa zaidi ya meno.

AKISHARUDI NYUMBANI

Jino lililorudishwa hufungwa kwa waya kama wiki 2. Katika muda huo mtoto ale vitu laini: uji, ugali laini na mchuzi, sombe iliyopondwa vizuri, ndizi mbivu, maharage yaliyoiva sana. Muwa na mahindi ya kuchoma vingoje. Mpira pia ungoje, hata akilia. Asafishe kinywa kila baada ya kula, kwa mswaki laini, taratibu, na kama anaweza kutema asukutue na maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo. Watu wengi wanaogopa kupiga mswaki kwenye jeraha, na uchafu unaobaki ndio unaoleta usaha.

Tarehe za kurudi ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Jino ambalo mzizi wake umekwisha komaa, mshipa wake wa ndani unakuwa umekatika, na unahitaji kusafishwa mapema, kwa kawaida ndani ya wiki 2 zilezile, kabla haujaoza. Hapa kambini matibabu ya namna hiyo yanaweza kuhitaji rufaa ya kwenda nje, mfano Kasulu, na rufaa ina karatasi zake na foleni yake. Ndiyo maana tunawashauri muiulize siku ya kwanza kabisa, mtoto akiwa bado mbele ya tabibu, badala ya kungoja siku ya kutoa waya. Bibi wa yule kijana hakuuliza kwa sababu hakujua. Sisi pia hatukujua.

MASWALI MLIYOTUULIZA

Tulipotaja habari hii kwenye kikao cha wazazi, mama mmoja aliuliza kama akimnyonyesha mdogo wake anaweza kukamulia jino maziwa yake. Tulimpelekea tabibu swali hilo. Alisema anza na ORS au maziwa ya ng'ombe, na kama huna hata kimoja, mate ya mtoto yako tayari palepale.

Baba mwingine aliuliza: kama mtoto wa jirani ndiye aliyeumia na wazazi hawapo, nikilirudisha vibaya si nitalaumiwa? Swali la haki. Jibu letu ni kwamba kama unaogopa, usilirudishe, tumia kikombe. Kwa kikombe hakuna wa kukulaumu. Tuma mtoto mmoja amwite mama yake, wewe shika njia ya hospitali na mgonjwa wako. Na kama umeliingiza likageuka nyuma mbele, tabibu anaweza kuligeuza. Asichoweza ni kufufua lililokauka.

Msimu wa maembe unapokaribia miti inajaa watoto, na foleni za bombani nazo zina utelezi na ndoo za kusukumana. Walimu wa michezo, tunawaomba muwe na kikombe safi chenye kifuniko na pakiti moja ya ORS kwenye mfuko wa mipira, na mjue maji safi ya kukorogea yako wapi. Timu ya yule kijana tayari inavyo. Hadaki tena, siku hizi anacheza beki. Mfuko wa mipira anaubeba yeye, na kabla ya mechi anafungua kikombe kuona kama pakiti ipo.